Mjomba Anasema ni Betri, Mpwa Anasema ni Tisheti: Ubishi wa Simu Ulioigawa Familia Moja Liparamba

Kuna mjomba na mpwa wake huko Liparamba, wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, ambao kwa wiki tatu nzima walikuwa wanaongea kwa kupitia watoto. "Mwambie mjomba chai tayari." "Mwambie kaka yako nimeshakunywa." Wadau wa hapa mmezoea visa vya mapenzi na mirathi, ila hiki hakina hata kimoja kati ya hivyo. Hawa waligombana kuhusu simu. Yaani je, simu inauzwa na ubora wake, au inauzwa na kelele za anayeitangaza?

Ungecheka, ila kuna shilingi milioni mbili katikati.

Hela ni ya bibi. Bibi yuko juu huko Umatengo, upande wa Mbinga, kwenye ngoro zake na miche yake ya kahawa, na msimu ule kahawa ilimlipa vizuri kupitia AMCOS. Mjomba ni mwanaye wa mwisho, mpwa ni mjukuu wake wa kwanza. Akawaambia hela hii ni ya kukuzia fremu yenu ya simu, mkubaliane wenyewe mtaifanyia nini, mkishakubaliana mje mchukue. Kukubaliana ndiyo ikawa shughuli.

Mjomba ni fundi. Alianza enzi zile ambazo umeme wa REA haujasogea vijijini, watu wanaleta simu asubuhi, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, wanazifuata jioni. Panela moja juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na waya zimetapakaa kama mizizi. Simu zote zilizowahi kupita Liparamba, yeye kazifungua tumbo. Anajua ipi imetengenezwa na mtu aliyefikiria vumbi na ipi imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona vumbi.

Mpwa alimaliza kidato cha nne akaenda Songea, akapata kazi ya promosheni. Kazi yenyewe ni kuvaa tisheti ya kampuni, kusimama kwenye gari lenye spika, kucheza, kugawa kofia, na kuuza. Kijana ana mdomo, hilo hata mjomba anakubali. Amerudi nyumbani na akili ya mjini na picha nyingi.

Mpango wa mpwa: simu janja kumi za laki moja na nusu, hiyo ni milioni moja na nusu. Laki tano inayobaki inunue spika, bango, tisheti, na kumlipa MC kutoka Mbinga kwa siku moja ya mnada. Mpango wa mjomba: viswaswadu arobaini vya elfu ishirini na tano, hiyo milioni moja. Milioni ya pili iwe vioo, betri, visahani vya chaji, na mtaji wa uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Spika hapana. MC hapana. "Mtu akitaka kucheza aende kwenye kioda," alisema mjomba.

Sasa hebu tuwasikilize, maana wote wawili wana hoja, na wote wawili kuna mahali wanajikwaa.

Hoja kuu ya mjomba ni Nokia 1100, kile kitochi. Kilitoka mwaka 2003, na mpaka kinaacha kutengenezwa kilikuwa kimeuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Hiyo ni moja ya simu zilizouzwa sana kuliko zote katika historia, na wala haikuwa na kamera. Kilikuwa na nini? Tochi. Kibodi kimefunikwa mpira mzima mzima ili vumbi lisiingie. Mgongo usioteleza mkononi. Betri ya siku kadhaa. Mjomba anauliza: nani alikuja Liparamba kukitangaza? Gari gani lilipita na spika? Hakuna. Mtu alitoka Songea nacho, usiku akamulika njia ya chooni, jirani akaona. Kwisha. Kwenye kijiji kilichopakana na pori la akiba, ambako ukitoka usiku huna uhakika kama aliyesimama kwenye mahindi ni ng'ombe au ni tembo, tochi siyo mapambo.

Mpwa naye hana haraka. Anamjibu: "Sawa mjomba, ilikuwa nzuri. Sasa iko wapi?"

Hapo mjomba hukohoa kidogo. Kweli, ufalme wa Nokia ulianguka. Biashara yake ya simu iliuzwa kwa Microsoft na mwaka 2014 mauzo yakakamilika. Huko Ulaya na Marekani waliouangusha ni iPhone na Android, lakini huku kwetu kulikuwa na jambo jingine dogo sana lililowasumbua kabla hata ya simu janja kushuka bei: laini mbili. Mtanzania wa miaka ile alikuwa na laini ya Voda, ya Tigo, ya Zain, kila moja na ofa yake, kila moja inashika kijiji hiki na kupotea kijiji kile, na kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Watu walikuwa wanatembea na laini za ziada nyuma ya kava, wanafungua betri barabarani kubadilisha. Ukisogea kuelekea mto Ruvuma simu nayo inaanza kunusa mtandao wa Msumbiji. Nokia wakachelewa kuliona hilo. Wachina wakaliona.

Kampuni iliyoliona vizuri kuliko wote ni Transsion, mama yake Tecno, itel na Infinix. Ilianzishwa mwaka 2006 na bwana Zhu Zhaojiang, aliyekuwa kwanza kwenye kampuni ya simu ya Kichina iitwayo Bird. Badala ya kupigania soko la kwao lililojaa, akaja Afrika na simu za laini mbili wakati wakubwa wanaona hilo ni jambo la kishamba. Mwaka 2011 wakafungua kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia. Wakarekebisha kamera ili imtambue mtu mweusi gizani, maana kamera nyingi zilikuwa zinatutoa kama kivuli chenye meno. Mwaka 2018 peke yake wakauza simu milioni 124, na Septemba 2019 wakaingia soko la hisa la Shanghai. Ajabu ni kwamba Mchina wa kawaida kwao hakuwa anaijua Tecno hata kidogo.

Ukimwuliza mjomba, huo ni ushindi wa ubunifu. Ukimwuliza mpwa, atakupeleka ukutani. Yule kijana anazihesabu kuta. Kuanzia mijini mpaka senta za vijijini, Transsion walipaka maduka ya watu rangi ya bluu na kuandika jina la Tecno, mwenye duka akapata rangi ya bure, wao wakapata tangazo lisilohitaji umeme wala bando na lisilofungwa saa nne usiku. Mwaka 2016 wakaingia mkataba na Manchester City, na ukizingatia vijana wetu na mpira, hiyo hela haikupotea.

Ukweli usiopendeza kwa mjomba ni kwamba laini mbili hawakuzivumbua Transsion. Teknolojia ilishakuwepo. Kilichokuwa kipya ni kwamba kuna mtu alikaa akaangalia Mwafrika anavyohangaika na kile kikava cha nyuma, akaamua hilo ni tatizo linalostahili kutatuliwa. Hapo utaita ubunifu au utaita biashara? Mpwa ana mfano wake mwingine alioutoa YouTube, wa Apple na kile kifaa cha muziki cha mwaka 2001. Wakorea walishatoa kifaa cha MP3 mwaka 1998, miaka mitatu kabla. Walichofanya Apple, mbali na kukitengeneza kizuri, ni kukwambia ni nyimbo elfu moja mfukoni mwako. Wengine wanakutajia megabaiti, wao wanakutajia nyimbo. Kwa mpwa kesi imeisha hapo.

Ila kesi haijaisha, na mfano unaowasumbua wote wawili uko karibu zaidi. M-Pesa.

Ilizaliwa Kenya, Machi 2007. Tanzania ikaja Aprili 2008. Jina moja, teknolojia moja, familia moja ya makampuni. Kama ni ubora peke yake unaouza, matokeo yangefanana. Lakini baada ya miezi kumi na minne ya kwanza Kenya ilikuwa na wateja zaidi ya milioni mbili, na Tanzania kwa muda kama huohuo haikufika hata laki tatu. Mpwa alipolipata hilo aliamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kumgongea mjomba dirisha, na hiyo ilikuwa kabla hawajanuniana. "Mjomba, kitu kilekile! Kitu kilekile kabisa! Tofauti ni matangazo!"

Na Kenya tangazo lilikuwa tamu kweli. Lilisema jambo moja tu, tuma pesa nyumbani, na kila Mkenya aliyeko Nairobi akamwona mama yake kijijini. Lakini tangazo lile lilitoka wapi? Majaribio ya M-Pesa, mwaka 2005, yalifanywa hadi Thika na taasisi ya mikopo midogo, na nia ilikuwa watu warejeshe mikopo yao kwa simu. Wale watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kazi ambayo hawakuambiwa waifanye. Waliokuwa wanawaangalia wakaona, wakageuza huduma nzima. Kwa hiyo lile tangazo liliandikwa na wateja bila kujua.

Na Tanzania ilichelewa siyo kwa sababu watangazaji wetu ni mabubu. Safaricom kule Kenya walikuwa wanashika sehemu kubwa sana ya soko, ukimtumia ndugu yako pesa karibu hakika naye yuko Safaricom. Vodacom huku walikuwa wakubwa, lakini nusu ya ukoo wako uko kwingine. Nchi yetu ni pana, watu wametawanyika, mawakala walikuwa wachache na mbali. Unatumiwa elfu ishirini, wa kuitoa yuko mji mwingine, nauli inakula elfu kumi. Tangazo gani litatibu hilo? Dawa ilikuwa mawakala, wengi, mmoja mmoja, wenye hela mezani. Walipofika kila senta, huduma ikapaa yenyewe. Mjomba anajua, maana yeye ni mmoja wao. Mteja akija mara mbili akakuta hakuna hela ya kutoa, mara ya tatu haji, hata umwekee spika za Fiesta.

Hapo kwenye uwakala mjomba ana haki, na ingefaa mpwa akae kimya. Hakukaa.

Akaleta habari ya mwaka 2016, TCRA ilipozima simu feki usiku wa tarehe 16 Juni. Mnaikumbuka. Unabonyeza *#06#, unatuma namba kwenda 15090, unaomba Mungu. Mjomba alikuwa anaitumia stori hiyo kila siku kuonyesha kwamba jina bila ubora halidumu: watu walinunua simu zenye majina makubwa yaliyobandikwa tu, asubuhi wakaamka na kipande cha plastiki. Mpwa akaigeuza. "Sasa mjomba, wale watu walinunua nini? Walinunua jina. Hata likiwa feki walilitaka. Hiyo ndiyo nguvu ninayokwambia." Huyu kijana angesoma sheria angetisha.

Kilichowanunisha hasa ni stori aliyoitoa mpwa mwenyewe, tena kwa kicheko. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyeletwa mkoani kunadi simu fulani. Jukwaani kaishika simu juu, kaimba, kapiga nayo selfi na umati. Kushuka nyuma ya gari, akaitoa mfukoni simu yake mwenyewe, ile yenye tunda lililong'atwa, akaanza kujibu meseji. Haya mambo siyo ya kwetu tu. Mwaka 2014 mtangazaji wa tuzo za Oscar kule Marekani alipiga selfi maarufu kwa Samsung mbele ya dunia nzima, huku Twitter ikimuumbua kwamba akiwa nyuma ya pazia anatuma kwa iPhone. Mpwa akamalizia kwa kujisifu: siku ile waliuza simu zote zilizokuwa kwenye gari.

Mjomba akauliza, "Na wiki ya pili?"

Kimya.

Maana mjomba wiki ya pili anaijua. Kuna dada mmoja hapo Liparamba, wengi wanamfahamu, anafuata dagaa nyasa Mbamba Bay anapeleka Songea. Siku hiyo ya msanii alikuwepo. Alinunua moja, kwa hela ya dagaa wa wiki mbili, ili wateja wake wa Songea wawe wanamtumia oda WhatsApp na yeye awapigie picha mzigo ukiwa bado unaanikwa. Wazo zuri sana. Na kwa mwezi mmoja lilifanya kazi, oda ziliongezeka, akawa hapeleki tena mzigo kwa kubahatisha. Mwezi wa pili betri ikavimba mpaka kioo kikainuka. Karatasi ya garantii anayo, imeandikwa vizuri, ila mahali pa kuipeleka ni mjini, mbali, na kuacha simu kule siku zisizojulikana. Ukihesabu nauli, kulala na siku za biashara zilizopotea, bora anunue nyingine. Namba za wateja zilikuwa mle ndani. Wateja watatu wa Songea wakahamia kwa mtu mwingine.

Dada aliileta simu kwa mjomba ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mjomba akatafuta betri Mbinga, akatafuta Songea, hakuna ya aina ile. Na aliyemuuzia, akiwa amevaa tisheti, ni mpwa.

Mpwa hakuwa anajua. Alipoambiwa alisema kazi yake ilikuwa kuuza, kutengeneza ni kazi ya kampuni. Mjomba akasema kampuni haikai Liparamba, wewe ndiye unayekaa. Ndipo watoto wakaanza kazi ya kupeleka salamu za chai.

Kusema kweli kijana hakustahili lawama yote. Alikuwa na miaka ishirini na moja, analipwa kwa siku. Lakini swali la mjomba ni zito kuliko vitabu vyote vya masoko. Wale Transsion tunaowasifia walielewa jambo hilo mapema, wakaanzisha vituo vyao vya matengenezo vya Carlcare wakati wengine wanauza na kuondoka. Hata hivyo vituo vya namna hiyo vinakaa mjini. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, zile kilomita 66, imesaidia sana, ila ukishaiacha na kuingia vumbi, kituo cha matengenezo ni mjomba na bisibisi yake.

Mwishowe walimpandia bibi Umatengo, kila mmoja na boda yake. Bibi akawasikiliza, Nokia, Tecno, Thika, Manchester City, vyote. Halafu akatoa simu yake kwenye kitenge, kiswaswadu kimefungwa mpira, akawauliza kama wanajua kwa nini aliinunua ile.

Mjomba akasema betri, mama. Mpwa akasema uliisikia redioni, bibi.

Bibi akasema aliinunua kwa sababu mama wa jirani, mwenzake wa kwaya, anayo kama hiyo hiyo. Yeye hajui kusoma maandishi madogo. Akikwama anavuka uzio, mwenzake anamwonyesha wapi pa kubonyeza, kwa sababu vitufe ni vilevile. Angenunua nyingine, hata iwe bora mara kumi, nani angemfundisha?

Hakuna kati yao aliyekuwa na jibu la hilo. Na ukiliangalia, linaeleza mengi: kwa nini kijiji kizima kinatumia aina moja ya simu, kwa nini aliyetangulia kufika anakuwa mgumu kung'oka, kwa nini chaja ya aina fulani ndiyo ipo kila nyumba. Mtu ananunua pamoja na majirani zake. Simu ya kwanza kijijini huenda iliuzwa na tisheti. Ya hamsini imeuzwa na arobaini na tisa zilizotangulia, kama bado zinawaka.

Bibi aligawa hela mwenyewe. Milioni moja kwenye mtaji wa uwakala na vipuri. Laki saba na nusu, simu janja tano za aina moja tu, aina ambayo mjomba kathibitisha betri na vioo vyake vinapatikana Songea. Laki mbili na nusu kwa mpwa, aitangaze fremu anavyojua yeye. MC akafutwa.

Mpwa hakununua spika. Alinunua rangi ya bluu na brashi, akapaka ukuta mzima wa mbele wa fremu, herufi zimeenda upande kidogo, akaandika: SIMU IKIFA NDANI YA MIEZI MITATU, IRUDISHE HAPA HAPA.

Mjomba aliporudi kutoka shamba akasimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akauliza hiyo miezi mitatu imetoka wapi, na ikifa nani atalipa. Mpwa akasema watalipa wote wawili. Mjomba anataka kifutwe kiandikwe mwezi mmoja. Mpwa anasema mwezi mmoja hata wale wa kwenye gari waliuahidi. Mpaka sasa bado hakijafutwa, simu tatu kati ya tano zimeshatoka, na moja kaichukua yule dada wa dagaa, kwa mkopo wa wiki sita.